Kasha Lililobeba Sauti ya Ndila

Jenereta iliyounguza sauti ya Ndila ni yangu. Nasema mapema ili usije ukafika katikati ya habari hii ukadhani nimejificha nyuma ya Mwalimu Loise. Mimi ni Musili, nakodisha mahema, viti vya plastiki na spika za mazishi hapa Kola. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kuharibu mazishi ya mtu. Nilichoharibu ni kitu kingine.

Loise Mwelu alifundisha watoto wa madarasa ya chini kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watu wazima wa Kola walishikwa mkono na yeye wakifundishwa kushika penseli, na nusu ile nyingine ndiyo hiyo unayoiona mwandiko wake. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, mwenye ugonjwa wa kusahihisha. Ukimtumia ujumbe wa simu ukakosea herufi, anajibu kosa kwanza, habari baadaye. Mume wake alifariki mtoto wao akiwa bado anatambaa, na hakuolewa tena. Walibaki wawili kwenye nyumba ile ya matofali chini ya matuta, yeye na binti yake Ndila, na mimi jirani yao kwa upande wa bwawa la mchanga.

Ndila alikuwa na sauti. Sisemi ya kuimba, maana kanisani alikuwa akituharibia wimbo kama sisi wengine. Nasema sauti ya kuongea. Alikuwa akikusimulia jinsi mbuzi alivyokula sabuni, unasimama na ndoo ya maji kichwani mpaka shingo inauma. Figo zilipoanza kumsumbua aliacha kazi ya hoteli mjini Machakos, akarudi kwa mama yake. Kati ya siku moja ya kusafishwa damu na nyingine hakuwa na la kufanya, kwa hiyo akaanza kujirekodi kwenye simu. Dakika moja, dakika mbili. Jinsi ya kumwamkia shangazi kwa Kikamba. Majina ya ndege. Sehemu za jembe. Maneno makali ambayo bibi hukutupia pale anapokupenda sana. Aliziweka kwenye ule mtandao mkubwa ambao kila mtu yumo, kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa Nairobi na Mlolongo, ambao Kikamba chao kinaishia kwenye salamu. Mama yake alimshikia simu. Kufikia mwaka wa pili wafuasi walikuwa elfu arobaini, na Ndila alikuwa na rekodi mia moja arobaini na tatu.

Akafa mwezi wa tatu, akiwa na miaka ishirini na tisa. Loise hakulia mbele ya watu. Alisimama kaburini na gauni lake la kanisa, akamsahihisha katekista aliyesoma tarehe vibaya, kisha akaenda nyumbani akafunga mlango siku nne.

Baadaye niligundua alichokuwa akifanya humo ndani. Alikuwa akisikiliza. Kila asubuhi alifungua ukurasa wa mtoto wake, akachagua rekodi moja tu, akaisikiliza akinywa chai, basi. Alizigawa ili zisiishe haraka. Nilimwambia, kwa ujinga wangu, kwamba rekodi haziishi, unaweza kurudia. Akaniangalia kama alivyokuwa akiangalia watoto wa darasa la kwanza waliokula chaki.

Miezi kama kumi na tano baada ya mazishi, alikwenda sokoni kununua ndengu. Muuzaji alikuwa na simu mezani, inaongea. Loise akasikia mtoto wake.

"Mimi nilikuwa karibu kufa na figo," sauti ilisema kwa Kiswahili. "Lakini nilitumia hii dawa siku saba tu, na sasa nimepona kabisa."

Ilikuwa sauti ya Ndila, na kile kicheko chake kidogo cha mwisho wa sentensi. Kuna watu mahali fulani duniani walikuwa wamechukua zile rekodi, wakailisha mashine, mashine ikajifunza kuongea kama yeye, wakaitumia kuuza unga wa majani. Loise aliacha ndengu mezani zikiwa zimeshapimwa. Alifika kwangu mikono mitupu, nikampa kiti, moja ya vile vyangu vya plastiki.

"Musili, hiyo kitu si mtu," aliniambia. "Ndila hakuwahi sema amepona. Hata siku moja hakuniambia hivyo. Hata kunidanganya hakunidanganya."

Aliulalamikia ule mtandao mara kumi na moja. Nilihesabu kwa sababu mara nane alitumia simu yangu, yake ikiwa ndogo. Kila mara jibu lilikuja baada ya siku mbili, lenye adabu sana: tumepitia tangazo hili na halivunji kanuni zetu. Nilitamani kumpata huyo anayepitia nimuulize anapitia na macho au na visigino. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na ofisi ya kwenda kukaa mlangoni mpaka mkubwa atoke, jambo ambalo sisi watu wa huku tunalijua vizuri na tuna subira nalo. Nilikasirika mpaka nikagombana na wateja. Tangazo likaendelea. Tukaanza kusikia kwamba watu wa Mwala wamenunua ile dawa, wakisema, si ni yule msichana wa Kikamba tunayemjua?

Hapo ndipo Loise aliposema anahama.

Muthoka, anayefundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Ndiye aliyetueleza kwamba iko mitandao mingine isiyo na mwenyewe mmoja. Kila kikundi kina mashine yake, na kanuni zake, na watu wake wa kuulizwa, halafu mashine hizo zinasalimiana zenyewe kwa zenyewe. Alitueleza kwenye mkutano wa mwethya, pale kwa Mzee Kitonga, tukiwa tumemaliza kuchimba matuta. Kwa asiyejua, mwethya ni kikundi cha kazi: leo tunalima kwako, wiki ijayo kwangu, na asiyekuja anatozwa faini. Sisi ni watu kumi na wanane.

"Ni kama mwethya," Muthoka alisema. "Sisi tuko na yetu, Kalama wako na yao. Kila mtu ako na majembe yake. Lakini wakikwama, tunaitana."

Kitonga, ambaye alikuwa mzee wetu wa nidhamu, akauliza swali moja tu. "Mtu akileta upuzi, tunaweza kumtoa?"

"Saa hiyo hiyo, Mzee."

"Basi hiyo ni ya watu," akasema Kitonga, na tukakubaliana.

Muthoka alitumia siku mbili kushusha rekodi zote za Ndila kutoka kwenye ukurasa wake. Simu ya marehemu ilikuwa imekufa kabla yake, hakukuwa na nakala kwingine. Alizihifadhi kwenye mashine ndogo, si kubwa kuliko mkate, pamoja na diski mbili: moja ya kufanyia kazi na moja ya akiba. Seremala akatutengenezea kasha la mbao lenye wavu, kuku wasiingie. Zilipotimia zote mia moja arobaini na tatu, na Loise akazikagua moja moja kama madaftari, aliufunga ukurasa wa mtoto wake kwenye ule mtandao mkubwa. Wakampa siku thelathini za kubadili mawazo. Hakubadili. Siku ya thelathini na moja elfu arobaini wote walipotea, na wale matapeli wakakosa mahali pa kuchota zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa letu, kabla ya kosa langu. Muthoka alisema ile diski ya akiba ilale nyumba nyingine, mbali na kasha. Tukamkatalia. Miaka ya nyuma tuliwahi kugawa vyombo vya kikundi, sufuria huku, toroli kule, sururu kwa fulani, na baada ya mwaka mmoja sufuria ilikuwa imepikiwa pombe ya chang'aa na toroli haijulikani iliko. Tangu hapo tuliweka sheria: vyombo vya mwethya havigawanywi, vinalala vyote pale zamu ilipo, na mwenye zamu ndiye wa kuulizwa. Tulichukua sheria ya sufuria tukaivika mashine. Kasha lingezunguka nyumba kwa nyumba, mwezi mmoja kila nyumba yenye stima, na kila kilicho chake humo ndani. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba akiba isitenganishwe ni mimi. Muthoka alinyamaza kwa kuwa sisi ni wakubwa wake. Mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma kuliko kama angenitukana.

Lakini miezi minane iliyofuata ilikuwa mizuri, nisikatae. Kati ya elfu arobaini, waliomfuata Loise kwenye nyumba mpya walikuwa sitini na mmoja. Nilimcheka. Yeye akasema darasa lake kubwa kuliko yote lilikuwa la watoto sitini na wanne, na aliwajua wote. Kila Alhamisi aliweka rekodi moja ya Ndila. Watoto wa Mlolongo walijibu kwa Kikamba cha kuvunjika miguu, na Loise akawasahihisha mmoja mmoja, akiwaandikia "vizuri" na "rudia". Mama mmoja aliyeolewa Kisumu aliandika kwamba mwanawe amemwamkia bibi yake kwa simu, na bibi amelia. Kulikuwa na watu wa mashine nyingine pia waliopitapita kusikiliza, tusiowajua. Mimi nilijiunga kwa kuona haya, nikajikuta nangoja Alhamisi. Loise alianza kunenepa kidogo. Alinunua kitambaa kipya cha meza.

Mwezi wa Novemba zamu ilikuwa kwa Kitonga, na Jumanne moja Kitonga akaanguka akifungua ng'ombe. Hakuamka.

Ukiwa mtu wa mazishi, mzee kama huyo akifa hulali. Nilipeleka mahema matatu, viti mia tatu na spika zote. Jumamosi asubuhi niliingia sebuleni kwa marehemu kutafuta soketi, nikaliona kasha pembeni, chini ya picha ya harusi, taa yake ya kijani inamulika. Sikuligusa. Niliunganisha spika kwenye soketi ya pili. Saa nne kasoro, padre akiwa ndiyo kwanza anashika kipaza sauti, stima ikapotea. Nikawasha jenereta yangu, nikavuta stima ndani kwa waya mrefu, na spika zikarudi.

Hapo ndipo nikalikumbuka kasha. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Nilifikiria watu sitini na mmoja, nikamfikiria Loise kule nje amekaa na akina mama, nikaona aibu kwamba spika zangu zina stima na Ndila amekaa gizani. Kwa hiyo nikachomeka kasha kwenye waya ule ule wa jenereta. Niliona nimefanya jambo jema. Hata nilitabasamu, na ilikuwa nyumba ya msiba.

Jenereta ile huwa inakohoa mafuta yakielekea kuisha. Naijua. Spika zangu huwa zinavumilia, nilizinunua kwa ajili hiyo. Wakati mjane wa Kitonga akitupa udongo, injini ilishuka, kisha ikapanda kwa nguvu, na kupitia dirisha nikaona balbu niliyofunga kwenye waya ule ikiwaka nyeupe kama jua na kupasuka. Nilipofika ndani kulikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Kasha lilikuwa moto ukiligusa.

Muthoka alikaa na zile diski wiki mbili. Alizipeleka kwa mtu wa Nairobi anayefufua vitu vya aina hiyo. Alirudi akaniita kando ya barabara, akaniambia zote mbili zimekwisha, na akaniuliza kama nataka aende yeye kumwambia Mwalimu. Nilisema hapana. Nilikwenda mwenyewe.

Loise alikuwa akipeta mahindi. Nilimwambia kila kitu, jenereta, waya, na yale maneno yangu ya mkutanoni kuhusu akiba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Aliweka ungo chini.

"Ulitaka asikae gizani," alisema.

"Ndio, Mwalimu."

"Hiyo ni sawa." Akachukua ungo tena. "Enda sasa, Musili. Nataka kumaliza hii."

Heri angenipiga na ule ungo. Nilikwenda nyumbani nikaketi nyuma ya stoo ya mahema, nikalia kama mtoto, mzee mzima. Kwa majuma mengi Loise hakuongea juu yake na mtu. Alikuja mwethya, akachimba, akarudi. Asubuhi nilimwona kwa mbali akiwa na kikombe chake mezani, simu iko kando, haishiki. Nikatambua kwamba anangoja dakika mbili, urefu wa rekodi moja, ndipo anakunywa.

Ilikuwa Februari Muthoka alipokuja mbio na pikipiki, alasiri, kompyuta yake mgongoni. Mimi nilikuwa kwa Loise natengeneza mlango wa zizi, maana nilikuwa nimejipa kazi ya kumtengenezea kila kitu, hata visivyoharibika. Muthoka alieleza akihema. Zile mashine nyingine, mtu wa huko akisikiliza kitu cha kwetu, huhifadhi nakala kwa siku chache kisha hufuta. Alikuwa ameziandikia zote moja baada ya nyingine tangu Desemba. Zote zilikuwa zimefuta, isipokuwa moja ya kikundi cha watu wanaopenda ndege, ambao hawafuti chochote. Mmoja wao aliwahi kusikiliza rekodi moja ya Ndila, kwa sababu ilihusu ndege.

"Ni moja tu, Mwalimu," alisema. "Lakini ni yeye."

Loise alinawa mikono. Alivaa miwani ingawa hakukuwa na cha kuona. Tukakaa mezani watatu, Muthoka akabonyeza.

Rekodi ni ya Kikamba, mimi nakuandikia kwa Kiswahili. Ndila anasema leo atatuonyesha ndege anayeita mvua. Anataja jina lake. Anapiga mluzi kama yeye, mara moja, safi kabisa. Anapiga mara ya pili. Mara ya tatu mluzi unakatika, na tunasikia pumzi, ndefu, nzito, mtu anayetafuta hewa chumbani. Kisha anasema polepole, si kwa wasikilizaji:

"Mwaitu, mama yangu, nimechoka. Tuache kwa leo."

Na sauti nyingine, ya karibu zaidi, ya mtu aliyeshika simu, ikajibu. Ilikuwa ya Loise. Ile ya darasani.

"Malizia tu. Watu wanangoja."

Pumzi mbili. Halafu Ndila anapiga mluzi tena, wa mwisho, mwembamba, mpaka mwisho wake. Rekodi ikaishia hapo.

Muthoka alikuwa wa kwanza kusogea. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nadhani hakuwa ameisikiliza hadi mwisho kabla ya kuja, kwa furaha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuikata ile sehemu, ibaki mluzi na maelezo peke yake, na awaombe wale wa ndege wakate ya kwao pia. Ni kazi ya dakika moja.

"Usikate," Loise alisema.

"Si lazima watu wasikie, Mwalimu."

"Nimesema usikate, Muthoka." Alivua miwani akaiweka juu ya kile kitambaa cha meza. "Hiyo naijua. Ilikuwa Jumatatu. Alikufa Jumatano ya wiki iliyofuata. Alikuwa amechoka, na akaniambia."

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Tangu Ndila azikwe ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona. Nilinyoosha mkono nikashika wake, jambo ambalo hatufanyi huku, mwanamume na mjane wa jirani, na hakuuondoa.

"Nilimwambia watu wanangoja," alisema. Akanigeukia, na hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. "Watu gani, Musili? Niambie. Walikuwa watu gani?"

Nilitafuta katika wale elfu arobaini jina moja la kumpa. Sikulipata.